Inagonga, Haigongi

Mjomba ndiye aliyeleta balaa lile, na alilileta limefungwa kwenye gazeti kama zawadi. Alilitua juu ya benchi letu la kazi, akafungua taratibu, akatuonyesha pistoni nne mpya, zinang'aa, zimetuna vichwa.

"Zilikuwa za gari la mashindano," akasema. "Nifungie kwenye gari langu."

Nikazitazama, kisha nikamtazama yeye. Mjomba, ndugu yake mama, anauza matairi, na ni mtu wa mbwembwe tangu azaliwe. Hata viatu akinunua sharti vilie anapotembea.

"Mjomba, gari la mashindano linakunywa mafuta yake maalumu. Wewe unajaza wapi?"

"Pale pampu, kama watu wote."

"Basi hizi hazikufai."

"Samahani," akasema, akianza kuzifunga. "Nilidhani nimekuja kwa fundi."

Ala! Mimi nina ugonjwa mmoja: ukiniambia siwezi, ujue nimeshaanza. Nikamnyang'anya gazeti lake.

Nieleze kidogo, maana bila hili hamtanielewa. Pistoni yenye kichwa kilichotuna inakandamiza hewa na petroli kwenye nafasi finyu sana. Hiyo ndiyo kompresheni kubwa, na nguvu inatoka humo. Lakini petroli ya kawaida haina subira. Ukiibana mno inalipuka yenyewe kabla ya wakati, na mlipuko unaipiga pistoni ikiwa bado iko njiani kupanda. Kwa sikio ni kimlio chembamba, kama kokoto ndani ya kopo, nasi tunasema injini inagonga. Ukiidharau, siku moja pistoni itatoboka na utabaki na chuma chakavu. Dawa ipo, ila ni ya uangalifu, na kubwa kuliko zote ni kuchelewesha moto wa plagi. Unalegeza bolti ya distributa, kile chombo kinachogawa moto, unakizungusha unywele mmoja, unakaza.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kiti cha lori tulichokiwekea miguu ya mbao. Gereji ni yake. Mimi nimekulia humo, kwanza nikiokota nati sakafuni, baadaye nikizifunga.

"Unaweza?" akaniuliza.

"Naweza."

"Kwa petroli ya pampu?"

"Kwa petroli hiyohiyo ya pampu."

Kaka yangu alikuwepo siku hiyo. Yeye anauza simu, na kwa muda mrefu amekuwa akimwimbia Baba wimbo mmoja: mzee umechoka, tuvunje gereji, tujenge maduka. Anasema kwa mapenzi, sikatai, lakini macho yake yakiingia pale ndani hayaoni mashine, yanaona kiwanja. Baba akatutazama sote watatu, akakohoa.

"Basi iwe hivi," akamwambia Kaka. "Injini hii dada yako ataifunga peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Ikipanda mlima bila kugonga, nitatamka mwenyewe mbele yenu kuwa haigongi, na funguo za hapa nitamkabidhi. Ikigonga, nitakwenda kupumzika, na wewe utajenga hayo maduka yako."

"Na mwamuzi ni sikio lako?" Kaka akauliza.

"Kwani kuna lingine?"

Hakuna aliyebisha. Sikio la Baba lilikuwa na jina. Watu walileta magari kutoka mbali ili ayasikilize tu, kama unavyompeleka mtoto kwa daktari. Alikuwa akisikia gari linakata kona ya barabara kuu, naye akiwa na kikombe mdomoni, anasema, "Huyo anakuja na valvu mbovu," na mwenye gari akifika anashuka akilalamikia hicho hicho.

Kazi yenyewe tulikuwa tunaimalizia mlimani. Nyuma ya gereji kuna mtaa unaopanda, na upande mmoja una ukuta mrefu wa ghala. Injini ikipanda pale ikiwa na mzigo, ukuta unakurudishia kila siri yake. Mimi naendesha, Baba anatoa kichwa dirishani na kusikiliza. Tunapeleka moto mbele, yaani uwake mapema zaidi, kidogo kidogo, tunapanda, tunashuka, tunapanda tena, mpaka injini ianze kugonga kwa mbali. Hapo tunarudisha nyuma unywele mmoja, na ndipo penye nguvu yake yote bila madhara. Na sheria ya Baba ilikuwa moja: mlimani dereva hana mdomo. Anayesema ni sikio.

Basi nikafunga ile injini. Nilipima nafasi ya kila silinda kwa mafuta na bomba la sindano ili zilingane. Nikapiga tupa kila ukingo wenye makali, maana ukingo mkali unashika moto na kuwasha petroli kabla ya zamu yake. Nikaweka plagi za baridi, zile zisizohifadhi joto. Usiku nikilala nilikuwa naota gasketi, na mume wangu akasema bora ningekuwa naota mwanamume mwingine, angalau angejua pa kuanzia ugomvi.

Siku ya kwanza ya mlima, Baba alinishangaza. Hakutoa kichwa dirishani. Alikaa upande upande, mgongo kwenye mlango, akanikodolea macho. Si kwamba ilikuwa mara ya kwanza, siku hizi alikuwa na mtindo huo, lakini siku hiyo macho hayakupepesa. Nikajua ananipima. Anataka kuona kama naogopa. Nami nilikuwa naogopa kweli! Lakini nikasema moyoni, hunipati ng'o, na uso nikaufunga kama duka siku ya maandamano.

Katikati ya mlima nikaisikia. Kokoto ndani ya kopo. Kidogo tu, lakini ipo. Uso sikuutikisa.

"Imelala hii," Baba akasema. "Peleka mbele."

"Mbele?"

"Mbele, mama. Umekuwa kiziwi?"

Nikashuka, nikapeleka mbele. Tukapanda. Sasa haikuwa kokoto chache, lilikuwa kopo zima. Nikakaza meno, nikatazama barabara.

"Bado kidogo," akasema.

Yarabi! Nikasogeza tena, nikapanda tena, na injini ikalia mpaka nikahisi kwenye usukani. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi, isipite hapo," akasema, akachukua brashi, akapiga alama ya rangi nyeupe kwenye distributa ili pasisahaulike.

Nilichanganyikiwa, sijui nisemeje. Nilijiingiza kidole sikioni nikakitikisa. Labda si kugonga, nikawaza, labda ni valvu. Labda ni kibati cha ekzosi. Labda ni mimi, hofu imeniingia masikioni. Maana kama sikio la Baba halisikii kitu na langu linasikia, nani mwenye wazimu kati yetu? Mtoto wa juzi kama mimi nimwambie nini mtu aliyesikiliza injini kabla sijazaliwa?

Alipoondoka nikalegeza bolti, nikarudisha moto nyuma, nikapanda mlima peke yangu. Kimya. Injini ikapanda inanguruma kwa sauti nene, tamu, na nguvu tele. Nikakaza bolti, nikaenda nyumbani nikiwa na furaha ya mwizi.

Asubuhi nikaiwasha, nikapanda. Kopo zima la kokoto.

Nikafungua boneti. Distributa imerudi kwenye alama nyeupe, na bolti imekaza. Nikasema, aa, bolti hii imekula nyuzi, inateleza yenyewe kwa mtikisiko. Nikanunua mpya, nikarudisha moto nyuma, nikakaza kwa nguvu zangu zote na za marehemu bibi yangu. Kesho yake, kwenye alama! Tena nikakuta na washa mpya, kile kibati cha duara, kwenye bolti yangu mpya, nami sikumbuki kuiweka. Hapo nikaanza kujitilia shaka hata jina langu.

Nikahamia kwenye petroli. Nilikwenda pampuni na chupa mkononi, nimefura.

"Dada, petroli yenu hii ina nini?"

"Ina harufu," akanijibu yule dada, bila hata kugeuka.

Nikaimwaga yote, nikajaza ya kituo kingine. Nikirudisha moto nyuma, haigongi. Nikilala nikaamka, inagonga. Petroli haiwezi kuzungusha distributa, hata mtoto anajua, lakini nilikuwa nimefika mahali pa kuushuku hata mwezi.

Ndipo nikamwona Kaka ameegemea lile gari, mkono wa shati una grisi. Nikasema, kumbe! Kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwingine anataka injini hii ife? Nikamvaa palepale.

"Ni wewe! Unakuja kuniharibia injini ili ujenge vibanda vyako!"

"Vibanda gani tena?"

"Usijifanye! Nani anayezungusha distributa yangu?"

"Distributa ndiyo nini?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. Huyu ni mtu aliyewahi kutafuta rejeta kwenye buti, akasema imeibiwa. Nikaishiwa nguvu.

"Sikiliza," akasema, sasa kwa upole ulioniudhi zaidi. "Mimi simchukii mtu hapa. Lakini Baba nikimpigia simu hapokei. Nikimuuliza amekula, ananijibu kuhusu mvua. Amechoka. Ikiwa kiongozi wa gereji ndiye huyo, kwa nini tusifunge kwa heshima?"

"Baba hajachoka," nikasema. "Baba anadharau simu zako."

Akaondoka. Jioni hiyo nikarudisha moto nyuma kama kawaida, na asubuhi iliyofuata nikawahi kuliko siku zote, kabla hata dada wa pampu hajafungua. Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Boneti juu. Baba ameinama ndani yake, spana mkononi, anasukuma distributa kuelekea alama nyeupe.

"Baba!"

Hakugeuka. Nikamgusa bega, akaruka nusura agonge kichwa.

"Umenishtua," akasema. "Njoo uone, hii bolti haishiki kabisa. Kila siku naikuta imerudi nyuma. Nimeitia mpaka washa mpya."

Tukatazamana, mimi na bolti yangu mpya, yeye na washa yake. Nilitaka kucheka, lakini kilichotoka ni kelele.

"Haiteleziii! Mimi ndiye ninayeirudisha! Inagonga, Baba! Inagonga tangu siku ya kwanza! Unataka kunitobolea pistoni?"

Nilidhani atanikemea. Badala yake aliishusha spana polepole, akaketi kwenye tairi.

"Inagonga?" akasema.

"Kama kopo la kokoto!"

"Sasa mbona uso wako haukuniambia?"

Sikumwelewa.

"Sauti nene nazisikia," akasema. "Wewe ukipayuka hivi nakusikia, na mtaa mzima pia. Lakini kile kimlio chembamba kimeondoka. Sijui kiliondoka lini. Siku moja tulipanda na lile gari la mwalimu, nikawa sisikii kitu, nikasema safi, kumbe wewe umekunja uso kama umeuma ndimu. Nikakwambia rudisha. Ukarudisha, uso ukafunguka. Nikasema, alhamdulillahi, kumbe sikio lipo, limehama tu. Toka siku hiyo nikawa nakuangalia wewe."

"Magari yote hayo?"

"Yote. Na halikurudi hata moja."

Nikaketi kwenye tairi lingine. Kwa hiyo watu waliokuwa wakisifu sikio la Baba walikuwa wakizisifu ndita zangu. Na safari hii, kwa kiburi changu cha kutotaka aone hofu, nilikuwa nimemfungia dirisha. Aliangalia uso uliotulia, akaamini injini imetulia, akasogeza mbele. Angeendelea kusogeza mpaka kitu kilipuke. Nilimhurumia, nikamkasirikia, nikajionea aibu, vyote pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungemwambia mumeo, naye angemwambia kaka yako." Akafuta spana kwa kitambaa, akaifuta tena. "Mtu wa sikio akikosa sikio, mwanangu, anakuwa nani? Leo wanakuja. Mjomba wako asijue, na kaka yako asijue. Weka moto pale unapotaka wewe. Na leo usinifiche uso."

"Sikufichi, Baba."

Nikarudisha moto, nikapanda peke yangu kuhakikisha. Haigongi. Injini safi kabisa.

Wakaja saa sita, Mjomba na viatu vyake, Kaka na simu yake. Wakakaa nyuma. Baba akakaa mbele, kando yangu. Nikaingiza gia, nikaushika mlima.

Na Baba, kwa ajili ya wale wa nyuma, akafanya kama zamani. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje, akatia kiganja nyuma ya sikio, akafumba macho. Ukuta wa ghala ukawa unapita na injini yangu inaimba bila doa, kazi ambayo sitaifanya tena nzuri hivyo, naye anatikisa kichwa taratibu, anasikiliza pasipo na kitu. Nikaona kola ya shati lake inavyopepea kwenye shingo iliyokonda. Nikashindwa. Uso ukanikunjika wenyewe, mdomo ukapinda, machozi yakanijaa.

Baba akarudisha kichwa ndani, akanitazama.

"Inagonga," akasema.

Kaka akasema polepole, "Basi. Umesema mwenyewe."

"Mbona mimi sisikii kitu?" Mjomba akauliza.

"Wewe utasikia nini?" Baba akamjibu. "Uza matairi."

Nikasimamisha gari. Injini ilikuwa nzima. Yangu, kwa mikono yangu, kwa petroli ya pampu, na neno moja tu lingeiokoa: hasikii. Nilikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi. Lakini nikilitoa, sikio la Baba linakufa palepale mbele ya wanawe na shemeji yake, na Kaka anapata haki yake yote, maana gereji yenyewe inasimama juu ya sikio hilo. Nikimeza, injini yangu ndiyo inayokufa. Nilichukia kila kitu, hata zile pistoni.

"Baba," nikasema kwa sauti ya juu, "inagonga sana au kidogo?"

Akaniangalia usoni. "Kidogo," akasema. "Unywele."

"Nirudishe?"

"Rudisha."

"Ngojeni," Kaka akasema, "makubaliano yalikuwa ipande bila kugonga."

"Kwani imemaliza kupanda?" Baba akamuuliza.

Nikaliachia gari likateremka kinyumenyume mpaka chini. Nikashuka, nikainua boneti juu kabisa, ikawa pazia kati yangu na wao. Nikalegeza bolti ili waisikie spana. Nikaishika distributa kwa mikono miwili, ilikuwa ya moto, nikaishikilia hivyo hivyo. Sikuizungusha hata kidogo. Nikakaza bolti. Nikajifuta macho kwa kitambaa cha grisi, kisha kwa mkono wa ovaroli, nikateremsha boneti.

"Umejipaka masizi usoni," Mjomba akasema.

"Kazi hiyo, Mjomba."

Tukapanda tena. Safari hii Baba hakuhangaika na dirisha. Aligeuka upande wangu, mgongo kwenye mlango, akanitazama mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake. Nami nililegeza paji la uso, nikalegeza mashavu, nikaachia midomo, nikaendesha kama mtu anayerudi sokoni siku njema. Nimewahi kuinua gia boksi peke yangu. Haikuwa nzito hivyo.

Tulipofika juu nikazima injini.

"Haigongi," Baba akasema.

Mjomba akapiga makofi, akapiga kiti, akanipiga mimi bega. "Mmeona? Unywele mmoja tu! Sikio hilo jamani, Mungu alitunze!"

"Mimi sikusikia tofauti yoyote," Kaka akasema.

"Ungesikiaje?" Mjomba akamjibu. "Hukuzaliwa nalo."

Baba akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za gereji zilizofungwa kwa kipande cha waya, akaniwekea juu ya paja. Kiganja chake hakikuondoka haraka.

"Umesikia ilivyotulia?" akaniuliza.

"Nimesikia, Baba."

"Hata mimi," akasema, kwa sauti kubwa, ili wa nyuma wasikie.